Dobi Aliyefua Watoto wa Paka

Shemeji yangu ni dobi, na kama usafi ungekuwa ugonjwa angekuwa amelazwa tangu ujana wake. Watu wote wanamwita Pasi. Mimi namwita shemeji mbele yake na mengine nyuma yake. Tumekaa duka moja miaka kumi na tisa, yeye kwenye meza ya kupigia pasi, mimi kwenye kiti karibu na mlango, nikishona vifungo, nikirefusha mapindo na kusikiliza mambo ya watu yasiyonihusu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyaokota njiani.

Ni mtu ambaye akiandaliwa chakula huinua kwanza sahani kwenye mwanga. Soksi zake anazipiga pasi. Msibani nimemwona kwa macho yangu akinyoosha kwa kiganja shuka lililomfunika marehemu, kwa sababu lilikuwa na kunyanzi karibu na magoti, na wafiwa wakadhani ni huzuni. Dada yangu, mkewe, aliniambia kwamba usiku wa harusi yao alimkuta akikunja suruali kwenye mstari wake kabla ya jambo lolote lingine. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Dada hakucheka sana.

Lakini kazi anaijua. Kila nguo inayoingia dukani hupewa uzi ndani ya ukosi au kiunoni: rangi ya uzi inaonyesha mwenyewe ni nani, na mafundo yanaonyesha ni nguo ya ngapi katika mzigo wake. Kwa mtindo huo hajapoteza hata leso. Analisema hilo kila siku, na asipolisema yeye, wateja wanalisema kwa niaba yake kwa kuwa wameshalikariri.

Sasa, paka. Paka alikuja mwenyewe, akalalia suruali za mwalimu mmoja, akagoma kuondoka. Tulimwita Mkwe, kwa sababu alifika bila kualikwa, akakagua kila pembe, akala, na bado akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomkosea. Pasi alimvumilia kwa ajili ya panya, maana panya mmoja anaweza kumvunjia dobi heshima kwa asubuhi moja.

Mkwe akazaa. Watoto wanne, wote wakafa ndani ya siku tano. Baada ya miezi akazaa tena, watatu. Hawakufika hata Ijumaa. Walikufa kwa mtindo uleule: leo wanalia na kujivutavuta, kesho mmoja amejitenga pembeni na mwili umepoa, keshokutwa anafungwa kwenye kitambaa na Pasi anakwenda kumzika nyuma ya matangi ya maji. Kitambaa chenyewe kimepigwa pasi, bila shaka.

Fundi viatu wa mlango wa pili, mtu mwenye mdomo mpana kuliko kazi yake, akasimama barazani na kusema, "Pasi, wewe una mkono wa kisirani. Vitu vidogo havikai mikononi mwako."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi, sitaki kujitakasa. Pasi peke yake hakucheka. Aliitazama mikono yake, akaiweka mfukoni, na kwa mtu ambaye mifuko yake haijapata kutuna tangu alipozaliwa, ningepaswa kujiuliza kulikoni.

Kulikuwa na jambo, na lilikuwa la zamani. Kabla ya binti yao wa pekee, dada na Pasi walipata mtoto wa kiume. Aliishi siku tatu. Nilikuwa msichana wakati huo, ninachokumbuka ni mlango uliofungwa na watu wakubwa wakizungumza kwa kunong'ona. Binti alipozaliwa miaka miwili baadaye, Pasi hakumshika. Alimfulia nepi zikawa nyeupe kuliko mawingu, akazipanga kwa mafungu, lakini mtoto mwenyewe hakumgusa mpaka alipoweza kusimama na kumshika yeye suruali. Sote tulisema ni wanaume hao, wavivu wa kulea. Mimi nililisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Binti huyo sasa ni mtu mzima na ana mimba ya miezi minane. Mumewe anafanya kazi ya mbali, hivyo alipiga simu kwamba anakuja kujifungulia kwetu. Dada alianza kuhamisha vitanda siku hiyohiyo. Pasi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utaratibu kwamba yeye atahamia dukani, alale juu ya meza, mpaka mtoto akomae.

"Akomae nini, ndizi?" dada akamuuliza.

Pasi akaanza kukunja shuka lake la kulalia. Dada alikasirika mpaka akanyamaza, na dada yangu akinyamaza ni afadhali akupige. Wiki mbili nyumba ile ilikuwa ya kusikilizana vijiko. Mimi nilikata kauli kwamba shemeji ni mtu mbaya, anamkimbia mjukuu wake kwa kuchukia kelele na harufu ya matapishi, na nikamwambia hivyo usoni. Akasema, "Sawa." Nilitamani kumtupia mkasi.

Hali ikiwa hivyo, Jumanne asubuhi tukafungua duka na kumkuta Mkwe ndani ya kapu la mapazia yaliyokwisha kunyooshwa. Amezaa watano, na mapazia usiulize.

Pasi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha akafanya kile ambacho, nilikuja kujua, alikifanya mara zote mbili zilizopita wakati mimi sijafika kazini. Alichukua beseni, akatia maji ya uvuguvugu na tone la ile dawa ya kung'arishia mashuka, akawasuuza watoto wa paka mmoja mmoja, akawakausha kwa taulo, akawafunga uzi miguuni. Uzi mwekundu wote, kwa kuwa ni mzigo wa mwenyewe mmoja. Fundo moja, mafundo mawili, matatu, mpaka matano.

"Shemeji, unafua paka?" nikamuuliza.

"Wametoka wachafu."

"Mama yao anawalamba."

"Kwa ulimi ambao jana ulikula panya," akasema, na hapo alinishinda.

Akawatandikia kapu kwa mataulo safi. Jumatano asubuhi akayatoa mataulo, akayafua kwa dawa ileile, akayanyoosha, akayarudisha. Mkwe alikuja, akanusa kapu, akanusa watoto, akarudi nyuma kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Baada ya muda akaanza kuwahamisha kwa meno, mmoja mmoja, mpaka kwenye saruji chini ya sinki. Pasi akawafuata huko, akawarudisha kapuni kwa mpangilio wa mafundo. Mkwe akawahamisha tena. Walishindana hivyo mpaka mchana, na kila safari watoto walikaa dakika kadhaa juu ya saruji tupu, wakitetemeka.

Namba Nne, yule wa mafundo manne, alikufa Jumatano hiyohiyo. Kila aliponyonya, maziwa yalimtoka puani. Namba Mbili alifuata Alhamisi alfajiri. Tulimkuta amejitenga, mgumu, mdomo wazi. Pasi alipiga pasi vitambaa viwili.

Alhamisi saa nne, Namba Tano akaacha kulia. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, wa rangi ya vumbi, na sasa alilala tu kiganjani mwangu kama soksi iliyolowa. Pasi alikuwa amepasha maziwa ya ng'ombe na kuyavuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Lakini hakutaka kumshika. Alisimama mbali, akanyoosha mkono na lile bomba, akaniambia, "Mnyweshe wewe. Mimi nisimguse. Nikimgusa atakufa."

Alisema hivyo bila mzaha hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mjuaji wa mambo ya watu, kwamba yale maneno ya fundi viatu hayakuwa mapya kwake. Alikuwa akijiambia hayohayo kwa miaka ishirini na minane. Hakuwa anamkimbia mjukuu wake kwa kuchukia kelele. Alikuwa anamkinga na mikono yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kabla sijajua la kusema, akaingia daktari wa mifugo. Huyu ni mama mmoja mfupi mwenye viatu vya mpira, anayetuletea makoti meupe yaliyopitiwa na kila kitu kinachoweza kutoka ndani ya ng'ombe. Pasi anampenda kuliko wateja wote, maana madoa yake yana upinzani. Alifuata makoti. Akaona bomba, akaona kilichomo kiganjani mwangu, akasema, "Acha hapo hapo!"

Nikaacha. Akamchukua Namba Tano, akamtia ncha ya kidole kidogo mdomoni.

"Baridi," akasema. "Mngemnywesha hivi mngemmaliza. Mwili uliopoa hausagi chochote, maziwa yangekaa tumboni yachachuke, au yangemwingia mapafuni. Joto kwanza, tena polepole. Halafu ndiyo chakula, na si maziwa ya ng'ombe. Mzee Pasi, fungua shati."

"Mimi?"

"Wewe una kifua kikubwa na unatoka kwenye pasi. Fungua."

"Daktari, mimi mkono wangu una kisirani."

"Mkono sijauomba. Nimeomba kifua."

Akamfungulia vifungo yeye mwenyewe, vifungo viwili nilivyovishona mimi, akamwingiza mtoto wa paka kwenye ngozi na kufunika kwa kitambaa cha sufu. Pasi akasimama kama mtu aliyevishwa bomu. Alipumua kwa pua tu.

Daktari akachuchumaa kwenye kapu. Akanusa. Akainuka na macho yamemtoka.

"Mnafulia nini haya mataulo?"

Pasi akataja ile dawa. Akataja na kipimo, maana kwenye kipimo hajakosea hata siku moja. Akaeleza yote: kusuuza, kukausha, kubadilisha kila asubuhi, kuwarudisha kapuni. Alieleza kwa fahari kidogo, kama anavyoeleza namna ya kutoa doa la mvinyo.

"Na huu uzi?"

"Alama. Wasipotee."

Daktari alifumba macho kwanza. Kisha akatoa mkasi mfukoni na kukata nyuzi, na mguu wa Namba Tatu ulikuwa umeshaanza kuvimba juu ya fundo.

"Nisikilize, mzee," akasema. "Mtoto wa paka wa siku mbili haoni wala hasikii. Ana pua tu. Chuchu anaitafuta kwa harufu, na mama naye anamjua mwanawe kwa harufu. Wewe kila asubuhi unaifua harufu. Mama anarudi anakuta wageni wananuka dawa ya vyoo, anawahamisha, wanapoa. Wakipoa hawana nguvu ya kunyonya. Wasiponyonya yale maziwa mazito ya mwanzo, hawana kinga ya chochote. Hapo wanaanza kwenda mmoja mmoja."

Akauliza waliokufa walikuwaje. Nikamweleza habari ya maziwa puani.

"Huyo alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Asingepona hapa dukani hata mngemlaza kwenye hariri. Huyo si kosa lenu. Wa pili," akamgeukia Pasi, na mama huyu hajui kupaka mafuta maneno, "wa pili umemuua wewe. Na wale saba wa zamani, wengi wao umewaua wewe. Lakini si kwa mkono. Kwa dawa."

Nilidhani shemeji ataanguka. Badala yake mabega yalimshuka taratibu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Nimefikiri sana juu ya hilo. Mtu anaambiwa ameua, naye anapata nafuu! Lakini mkono wa kisirani unazunguka nao popote, unalala nao, unakula nao. Dawa unaiweka chini.

Akainamisha sikio kumsikiliza aliyemo kifuani. Halafu akauliza, akitazama sakafu, "Na mtoto wa binadamu? Aliyeishi siku tatu. Baba yake ndiye aliyemwogesha siku ya kwanza, akambadilisha shuka kila baada ya saa. Je?"

"Mimi ni wa paka na mbuzi, mzee," daktari akasema, safari hii kwa upole. "Daktari wa mtoto alisema nini?"

"Sikuwepo alipokuja. Nilikuwa nyuma, nafua mashuka."

"Na mkeo?"

"Sijamuuliza."

"Tangu lini?"

Mimi nilishasimama. Wapo watu wanaojua kutunza siri, Mungu awabariki, mimi simo. Nyumba iko mtaa wa pili. Nilikwenda nusu ninakimbia nusu ninatembea, uzi na sindano vikining'inia kifuani, nikamkuta dada anapanga nepi. Nikamwambia yote pumzi moja. Alinisikiliza. Uso ulimbadilika mara tatu. Kisha akavaa kandambili, moja yake moja ya Pasi, akatoka.

Daktari alikuwa angali dukani, anawasugua watoto wawili waliobaki kwa kitambaa nilichomlalishia Mkwe siku zote chini ya kiti changu, kichafu, chenye manyoya, ambacho Pasi alikuwa anakitafuta mwezi mzima akichome moto. Aliuliza tu kama kina harufu ya mama yao. Kinanuka mpaka barabarani, nikamwambia.

Dada akasimama mbele ya meza ya pasi.

"Moyo wake ulikuwa na tundu," akasema. "Daktari alinieleza jioni ile ile. Alisema amezaliwa nalo, alisema hakuna aliyekosea. Nilidhani alikwambia na wewe. Nilidhani ndiyo sababu hukutaka tuzungumze."

Pasi akamtazama.

"Ulidhani ni wewe?" dada akasema. "Miaka yote hii, ulidhani ni wewe?"

Shemeji hata kulia hakuweza vizuri, maana kila alipotaka kutikisika alikumbuka aliyemo ndani ya shati, akajizuia. Kwa hiyo alilia amesimama wima, bila kusogea, machozi yakimwagika mpaka kwenye ukosi ulionyooshwa asubuhi ileile. Dada alikuwa akilia pia, na akimtukana. "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa! Mdomo ulipewa wa nini?" Kisha akasema, "Na mimi mjinga vilevile," akaegemea meza. Mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimekwisha sema maneno mengi mabaya na hakuna lililokuwa la kweli.

Daktari wa mifugo alijitia anahesabu makoti.

Sauti ilitoka kifuani mwa Pasi. Nyembamba, ya hasira, ya mtu anayedai haki yake. Namba Tano alikuwa amepata moto na sasa anasukuma pua kwenye manyoya ya kifua cha shemeji, akitafuta chuchu mahali ambapo asingeipata.

"Haya, huyo ana njaa," daktari akasema. "Mpeleke."

"Nimshike?"

"Na nani mwingine?"

Pasi akaingiza mkono ndani ya shati. Akamtoa, akamlaza kwenye kile kitambaa kichafu karibu na tumbo la Mkwe. Mkwe akanusa. Akanusa tena, akatutazama sote kwa dharau yake ya kawaida, akalamba. Mtoto akatafuta, akakosa, akatafuta, akashika.

Nisije nikawadanganya, wote hawakupona. Namba Tatu alikufa wiki iliyofuata, bila dawa, bila baridi, tumbo limeshiba. Sonara wa mtaa wetu alikuwa anatupimia watoto kila asubuhi kwenye mizani yake ya dhahabu, na wenzake walipanda gramu kumi kwa siku, yeye alisimama, akashuka, akaenda. Daktari alisema wengine huwa hivyo tu. Pasi alimzika, akarudi, akanawa mikono mara moja, akaendelea na mashati. Hilo la mara moja nililihesabu.

Lakini siku ile ya Alhamisi, Mkwe alipokwisha kutulia, dada alitoa simu akampigia binti yao, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi tusikie sote.

"Baba yako ana neno," akasema.

Pasi akainama kwenye simu kama anayetafuta doa. "Mwanangu," akasema, "njoo. Siendi kulala dukani. Nitakuwa nyumbani. Mtoto nitamshika."

Upande wa pili tukasikia kelele za huko aliko, kiti kikivutwa.

"Mimi je, baba?" binti akauliza. "Mbona mimi hukunishika?"

Nilimwona shemeji akitafuta jibu lililonyooka, akaliacha.

"Nilikuogopea," akasema. "Nilikupenda nikakuogopea, mama. Nilidhani nitakuua."

Binti alipumua kwa nguvu, au alilia, kwenye simu huwezi kujua. Kisha akasema atakuja Jumamosi, na akifika huyo baba amshike kwanza yeye, tena amshike sawasawa. Mtoto atasubiri zamu yake.